DAKTARI WA NGOZI ANASOMEA WAPI?
Maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua shule



Katika toleo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo vijana hutuuliza mara kwa mara tunapopita nyumba kwa nyumba: mtu anayetaka kuwa daktari wa magonjwa ya ngozi asomee wapi, kwa muda gani, na achague shule kwa kuangalia nini? Wako watakaosema kwamba swali hili ni la watu wa mbali, si la mkimbizi wa Gasorwe. Sisi wahamasishaji wa afya tunaona ni swali letu kabisa. Kambini tunao wauguzi waliosoma Kongo ambao hawajakata tamaa ya kuendelea na masomo. Tunao wanafunzi wa sekondari wanaopenda biolojia. Na tunao wagonjwa wa ngozi kila siku, tangu asubuhi kituo kinapofunguliwa.

KWA NINI TUSEME JUU YA NGOZI?

Kila mmoja wetu anajua maisha ya kambi. Watu wengi hulala chumba kimoja na kugawana blanketi, na sabuni huisha kabla ya mwezi. Upele ukiingia nyumba moja, baada ya wiki chache uko mtaa mzima. Si jambo la aibu wala si ugonjwa wa wachafu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliweka upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, pamoja na ukoma na mengine. Mwezi wa Mei 2025 mkutano mkuu wa OMS ulipitisha azimio kwamba magonjwa ya ngozi yapewe nafasi ya mbele katika afya ya dunia.

Hapa Burundi tuliona wenyewe umuhimu wake. Mwezi wa Julai 2024 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa mpox umeingia nchini, na mwezi uliofuata OMS ikatangaza dharura ya kimataifa, iliyodumu hadi Septemba 2025. Dalili ya mpox ambayo kila mtu aliiona ni vipele. Lakini tetekuwanga ina vipele, upele una vipele, na hata joto huleta vipele. Mhudumu asiyejua kutofautisha ana hatari mbili: kumrudisha nyumbani mgonjwa anayeambukiza, au kumtenga mtu asiye na kosa na kuwatisha majirani.

Ukoma nao haujaisha duniani. Huanza na baka lisilo na hisia, ambalo haliumi wala haliwashi, na kwa sababu hiyo mtu hulidharau. Dawa zake hutolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995, na matibabu huchukua miezi 6 au 12. Aliyetambuliwa mapema hupona akiwa na vidole vyake vyote. Aliyecheleweshwa hupona pia, lakini mishipa ya fahamu iliyokufa hairudi.

Katika mtaa wetu kuna mama aliyempaka mtoto wake pomadi ya sokoni kwa miezi kadhaa juu ya choa cha kichwani. Pomadi ilikuwa ya kutuliza mwasho tu. Kwa nje choa kilionekana kimetulia, kumbe kinaenea. Alipofika kwa muuguzi, alama zilikuwa zimebadilika hata haikujulikana tena ni ugonjwa gani. Akaandikiwa karatasi ya kwenda hospitali kubwa, na huko akaambiwa kwamba mtaalamu wa ngozi yuko Bujumbura. Ninyi mnaosafiri mnajua njia ile: kutoka Muyinga hadi Bujumbura ni karibu kilomita 200, na hata ukitokea Gitega bado zinabaki karibu 100. Nauli, chakula cha njiani, ruhusa ya kutoka kambini, na watoto wengine unawaachia nani? Mama alirudi nyumbani na karatasi yake. Mtoto alipona baadaye, baada ya muuguzi wetu kuuliza kwa simu na kupewa jina la dawa ya kumeza.

Ndiyo maana tunasema: shule anayosomea daktari wa ngozi inamhusu huyo mama.

DAKTARI BINGWA WA NGOZI NI NANI?

Kwanza ni daktari wa kawaida. Amemaliza sekondari, amesoma udaktari chuo kikuu kwa miaka mingi, amefanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Kisha anaingia mafunzo ya ubingwa, ambayo katika nchi nyingi ni miaka 3 au 4. Wakati huo anatibu wagonjwa na kusoma kwa pamoja. Hukaa kliniki, huzunguka wodini, hujifunza kukata kipande kidogo cha ngozi na kukisoma kwa darubini, hufanya mitihani. Katika Afrika Mashariki masomo ya ngozi mara nyingi hufundishwa pamoja na magonjwa ya zinaa, kwa sababu mengi yake hujionyesha kwenye ngozi.

Lakini hiyo siyo njia pekee. Ipo njia nyingine ambayo watu wengi hawaijui, na hapo ndipo tunataka usome kwa makini.

MFANO WA MOSHI

Mwaka 1987 mabingwa wa ngozi wa nchi mbalimbali walianzisha mfuko unaoitwa International Foundation for Dermatology. Swali lilikuwa hili: nchi za Afrika zina wagonjwa wengi wa ngozi na mabingwa wachache mno. Je, tuwachukue madaktari wachache tuwapeleke Ulaya, au tujenge shule hapa hapa?

Wakachagua kujenga. Mwaka 1992, kwa kukubaliana na Serikali ya Tanzania, kituo cha mafunzo kilianza kwenye hospitali ya KCMC mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kinaitwa Regional Dermatology Training Centre, kwa kifupi RDTC. Katika miaka ya mwanzo kiliongozwa na Profesa Henning Grossmann kutoka Ujerumani.

Jambo la ajabu ni hili: kituo hakikuanza kwa kufundisha madaktari. Kilianza na waganga wasaidizi na wauguzi, yaani watu wanaofanya kazi vituoni, wanaokutana na mgonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Walisoma miaka 2 juu ya ngozi, magonjwa ya zinaa na ukoma, wakapata stashahada ya juu, wakarudi makwao. Baadaye kituo kiliongeza mafunzo ya ubingwa kwa madaktari, ya miaka 4. Zaidi ya wahudumu 200 kutoka nchi zaidi ya 10 za Afrika wamepita katika shule ile, na baadhi yao wamekuwa walimu katika nchi zao.

Kwa nini mfano huu ni muhimu? Daktari anayesomea ngozi Ulaya anaona magonjwa ya Ulaya. Anaweza kumaliza miaka yote bila kumgusa mgonjwa wa ukoma. Vitabu vingi anavyosoma vina picha za ngozi nyeupe, ambapo uvimbe huonekana mwekundu. Kwenye ngozi yetu uvimbe huo huo huonekana wa zambarau, wa kahawia au mweusi zaidi. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari aliyetoka Zimbabwe, Malone Mukwende, akiwa anasoma London, alitoa pamoja na walimu wake kitabu kidogo cha picha za magonjwa kwenye ngozi nyeusi. Alikuwa amechoka kuuliza darasani kila mara: na kwa mtu mweusi, hii inaonekanaje?

Moshi swali hilo halina haja ya kuulizwa. Mgonjwa aliye mbele yako ndiye jibu. Kituo hicho pia hutibu watu wenye ualbino, ambao jua huwaletea saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Katika miaka ya 2010 kilianza kutengeneza mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili yao.

MASWALI SABA KABLA YA KUCHAGUA

Ukiwa daktari, muuguzi au mwanafunzi anayefikiria mbali, au mzazi anayemshauri mtoto wake, usiangalie jina la chuo peke yake. Jiulize haya.

1. Nitaona wagonjwa wa aina gani? Ukitaka kuwatumikia watu wa Gitega, Muyinga au Kivu, tafuta mahali penye upele, fangasi, ukoma, vidonda vya miguu, ualbino na dalili za ngozi za UKIMWI. Mbali na Moshi, mfano mwingine ni Addis Ababa nchini Ethiopia, ambako mafunzo ya ngozi yanahusiana na hospitali ya ALERT, hospitali yenye historia ndefu ya kutibu ukoma.

2. Nani atanisimamia? Wagonjwa wengi bila mwalimu ni kazi tu, si shule. Uliza walimu ni wangapi, na kama wanakaa kliniki pamoja na wanafunzi. Swali hili usimwulize mkuu wa chuo peke yake. Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, tena mkiwa wawili.

3. Je, mafunzo yanatoka nje ya hospitali? Daktari aliyezoea mashine za mji atapata shida kituoni ambako kuna taa moja na kikuza-picha cha mkononi. Shule nzuri hupeleka wanafunzi vijijini. Nchini Mali, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wahudumu wa vituo vya kawaida walipewa mafunzo mafupi juu ya magonjwa ya ngozi yanayoonekana zaidi. Baada ya hapo walitambua magonjwa vizuri zaidi, na wagonjwa walitumia fedha kidogo kwa dawa. Bingwa mmoja anayefundisha vituo ishirini anafaa kuliko bingwa mmoja anayengoja watu mjini.

4. Wanafundisha kwa lugha gani? Sisi tumesoma kwa Kifaransa. Moshi, Uganda, Kenya na Ethiopia hufundisha udaktari kwa Kiingereza. Kiswahili kitakusaidia kuzungumza na mgonjwa wa Moshi, na hilo ni jambo kubwa, lakini mtihani hauandikwi kwa Kiswahili. Anayetaka kubaki katika Kifaransa aangalie Kinshasa, au Dakar nchini Senegali, ambako Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop kimefundisha mabingwa wa ngozi wa nchi nyingi.

5. Cheti kitatambuliwa wapi? Kila nchi ina baraza la madaktari linaloamua nani aruhusiwe kutibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, haifuti sheria hiyo. Kabla ya kulipa faranga moja, peleka swali kwa baraza la nchi unayotaka kufanyia kazi: cheti cha shule hii mnakipokea? Omba jibu la maandishi. Kwa muuguzi swali hili ni zito zaidi, kwa sababu stashahada ya miaka 2 inayoheshimiwa nchi moja inaweza kukosa nafasi yake katika nchi nyingine.

6. Nitalipa, au nitalipwa? Hapa wengi huanguka. Marekani, Uingereza na Ufaransa daktari anayesomea ubingwa hupata mshahara. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki yeye hulipa ada, au hutafuta mfadhili. Piga hesabu yote: ada, nyumba, chakula, vitabu, hati za safari, na familia utakayoiacha nyuma.

7. Baada ya hapo nitafanya kazi wapi? Mabingwa hukusanyika miji mikubwa kwa sababu huko kuna mishahara na maabara. Si dhambi. Lakini anayesomeshwa na shirika au na Serikali husaini mkataba wa kurudi. Soma mkataba huo kabla ya kusaini: miaka mingapi, mahali gani, na ukishindwa itakuwaje.

NA WALE WALIO NG'AMBO?

Familia nyingi hapa zina ndugu waliohamia Marekani au Ulaya, na vijana wao huandika kwamba wanataka kuwa madaktari wa ngozi. Tuwatie moyo, lakini tuwaambie ukweli. Marekani mtu husoma chuo miaka 4, kisha udaktari miaka 4, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya jumla na miaka 3 ya ngozi. Nafasi za ngozi ni kati ya zile zinazogombaniwa sana. Waombaji huandika orodha ya hospitali wanazozipenda, hospitali nazo huandika orodha ya waombaji, na kila mwezi wa Machi kompyuta hulinganisha orodha hizo mbili. Aliyesomea udaktari Kongo au Burundi hazuiliwi kuomba, lakini lazima kwanza afanye mitihani ya Marekani na shahada yake ihakikiwe. Uingereza nako daktari hufanya miaka ya mafunzo ya jumla kabla ya miaka 4 ya ngozi.

Kijana wa huko anaweza kufaa hapa pia. Picha ya ngozi husafiri kwa simu. Muuguzi wa kituo anaweza kumtumia bingwa picha na maswali, ilimradi mgonjwa amekubali na uso wake hauonekani.

KUTOKA KAMBINI HADI DARASANI

Mwanafunzi wa sekondari: shika biolojia na kemia, na anza Kiingereza sasa, si siku ya kuandika maombi. Wazazi, tunawaomba: msichana anayependa sayansi asitolewe shuleni ili achote maji. Kuna wanawake wengi ambao hawatavua nguo mbele ya daktari mwanaume, hata kama baka liko mahali pa hatari. Wanamsubiri binti yenu.

Mwenye Diploma ya Serikali: ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani, husaidia wakimbizi kusoma chuo kikuu. Kwa kawaida ni kwa shahada ya kwanza, si kwa ubingwa. Kwa hiyo ngazi ya kwanza ni kuwa daktari au muuguzi wa chuo. Ulizia katika ofisi ya HCR kama nafasi zimefunguliwa, na kwa tarehe gani.

Muuguzi wa A2 au A1: usidharau kazi ya kujitolea unayofanya kituoni. Omba barua inayosema ulifanya kazi gani na tangu lini. Andika katika daftari magonjwa ya ngozi uliyoyaona, bila majina ya wagonjwa. Shule zinazopokea wahudumu huuliza uzoefu kabla ya yote.

Kwa wote: tunzeni vyeti. Funga kwenye mfuko wa plastiki, piga picha, mtumie ndugu unayemwamini. Aliyepoteza cheti alipokimbia asirudi Kongo peke yake kukitafuta. Aonane kwanza na ONPRA au HCR, maana safari hiyo inaweza kuhatarisha maisha yake na hali yake ya ukimbizi. Kwenda kusoma nchi nyingine kunahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, na kuipata huchukua muda. Anza mapema.

Na mjihadhari. Nafasi ya shule haiuzwi njiani. Mtu akikuambia atakupatia nafasi Moshi au Marekani kwa faranga za mkononi, mwulize jina la chuo, kisha andikia chuo chenyewe.

WAKATI TUNAMSUBIRI DAKTARI

Masomo huchukua miaka, na ngozi inawasha leo. Kumbuka haya:

– Mwasho unaozidi usiku, hasa kati ya vidole, kiunoni na makwapani, na watu wengine nyumbani wanajikuna: huenda ni upele. Njooni familia nzima. Wote hutibiwa siku moja, hata asiyejikuna, kwa sababu mara ya kwanza mtu huweza kukaa wiki 4 hadi 6 na vijidudu bila kuhisi kitu. Dawa hurudiwa kama muuguzi atakavyosema. Mwasho unaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya matibabu, na hiyo si lazima kuwa dawa imeshindwa.

– Nguo na mashuka: fua kwa maji ya moto, anika juani. Blanketi lisilofulika lifunge ndani ya mfuko kwa siku 3.

– Mama mjamzito na mtoto mdogo wana dawa zao. Usiwape vidonge vya jirani.

– Baka lisilohisi unapoligusa kwa pamba, vipele vyenye homa na tezi kuvimba, kidonda kisichopona baada ya mwezi mmoja, doa jeusi linalokua: njoo kituoni wiki hiyo hiyo.

– Usipake pomadi ya sokoni usiyoijua, wala mafuta ya kujichubua. Yanaficha ugonjwa na kuchosha ngozi.

Mama yule wa choa bado anaishi mtaa wetu. Mwanawe wa kwanza yuko sekondari na husema atakuwa daktari. Sisi hatujui atafika wapi. Lakini akituuliza aanzie wapi, sasa tuna la kumjibu, na wewe pia unalo la kumjibu wa kwako.

Kwa maelezo zaidi, onana na mhamasishaji wa afya wa mtaa wako, au uliza kituoni siku yoyote ya kazi. Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii.